Nyumbu milioni, simba elfu tatu: ile asilimia 90 inakwenda wapi?

Swali la msomaji: "Nafundisha Baiolojia katika sekondari iliyo jirani na Serengeti. Nikiwa kwenye mada ya mnyororo wa chakula, mwanafunzi alisimama akasema: 'Mwalimu, nyumbu wako zaidi ya milioni moja, simba ni elfu tatu tu. Nyama imejaa, mbona simba hawazaani wakawa wengi?' Nikamjibu kwa ile kanuni ya asilimia 10 kama ilivyo kitabuni, kwamba kila ngazi ya mnyororo hupokea asilimia 10 tu hivi ya nishati ya ngazi iliyo chini yake. Akasimama tena: 'Na hiyo 90 inapotelea wapi?' Nilimwambia nitamletea jibu. Naomba msaada."

Mwalimu, nakushukuru kwa swali, na zaidi nakushukuru kwa kumwahidi jibu badala ya kumkalisha chini. Alichouliza mara ya pili ndicho kiini cha ikolojia yote. Nitakwenda kirefu, maana mkato wa kitabuni ndio uliomwacha na kiu.

Kwanza tuwaweke wanyama kwenye mizani. Nyumbu wa Serengeti wanakadiriwa kuwa milioni 1.3. Ukichanganya madume, majike na ndama, tuseme kila mmoja ana kilo 120: kundi zima ni tani 156,000. Simba 3,000, pamoja na watoto wao, tuwape kilo 110 kila mmoja: tani 330. Maana yake nyuma ya kila kilo moja ya simba kuna kilo zaidi ya 470 za nyumbu, na hapo hatujawagusa pundamilia 200,000 wala swala tomi. Mwanafunzi wako atakurukia hapo hapo: kitabu kinasema kumi kwa moja, mbona tumepata mia nne na sabini?

Hapa ndipo tunapowachanganya watoto. Ile asilimia 10 haihesabu vichwa, wala haihesabu uzito uliosimama mbugani leo. Inahesabu mapato ya mwaka. Waulize wale ambao kwao kuna ng'ombe. Mzee mwenye ng'ombe 100 hachinji 100 kwa mwaka. Akifanya hivyo, mwaka unaofuata atabaki ameshika fimbo tu. Anakula kilichozidi: maziwa, dume lililonenepa, mtamba mmoja wa kuuza ili alipe ada. Kundi ni mtaji, na nyama iliyoongezeka ndani ya mwaka ndiyo faida. Simba naye anakula faida. Faida ya kundi la nyumbu ni ndogo mno ukiilinganisha na kundi lenyewe, na simba haili peke yake.

Sasa tuifuate faida hiyo tangu inakoanzia. Jua linapowaka juu ya Serengeti, sehemu kubwa ya mwanga wake inaishia kupasha udongo joto na kukausha maji. Majani hunasa kidogo sana kwa usanisinuru. Ukipiga hesabu ya mwaka mzima, nyasi za porini hupata chini ya asilimia 1 ya nishati ya jua lililoziangukia, kwani kiangazi zimekauka na jua linawaka bure. Na hicho kidogo chenyewe, karibu nusu mmea unakitumia kujiendesha, kwa sababu mmea nao unapumua na kutengeneza seli kila siku. Kinachobaki kikawa jani na mzizi ndicho chakula cha wengine wote. Kiasi chake hupangwa na mvua: kusini-mashariki, kwenye uwanda wa majani mafupi, hunyesha milimita 500 hivi kwa mwaka, kaskazini kuelekea Mto Mara hufika 1,100.

Serengeti ina bahati moja ambayo misitu haina. Samuel McNaughton, aliyetumia miaka mingi kupima nyasi za huko, alichapisha mwaka 1985 kwamba kwa wastani theluthi mbili ya majani yanayoota juu ya ardhi huliwa na wanyama. Theluthi mbili! Kwenye msitu kama wa Udzungwa, nishati nyingi inafungiwa kwenye mbao, na majani mengi huanguka na kuoza bila kupita kinywani mwa mnyama yeyote. Ndiyo maana mgeni anatembea msituni kutwa nzima asione mnyama mkubwa hata mmoja, halafu Serengeti anahesabu maelfu bila kushuka kwenye gari. Si kwamba msitu ni maskini. Nishati yake inapita chini, kwa kuvu na wadudu.

Lakini hata Serengeti, jani likishaingia mdomoni mwa nyumbu, usidhani limekuwa nyumbu. Nyumbu mzima hula kilo 4 hivi za majani makavu kwa siku. Kundi zima linafyeka zaidi ya tani 4,000 kila siku. Karibu nusu inatoka kama mavi, kwa sababu nyasi zina nyuzi ngumu ambazo hata tumbo la mnyama anayecheua haliwezi kuzimaliza. Sehemu nyingine, asilimia 6 hivi kwa ng'ombe, inatoka kwa kubeua kama gesi ya methani, gesi inayoweza kuwaka moto, yaani imebeba nishati. Kilichobaki kinaingia mwilini, na humo kinachomwa.

Wapeleke wanafunzi kwenye zizi alfajiri, kabla jua halijatoka. Mwambie mmoja aweke kiganja kwenye ubavu wa ng'ombe aliyelala. Atahisi joto la nyuzi 38 na kitu, wakati umande uko kwenye majani na pumzi ya ng'ombe inatoka kama moshi. Joto lile ni majani ya jana. Usiku kucha ng'ombe hakwenda popote, lakini moyo ulisukuma damu, tumbo lilicheua, na mwili ulikataa kupoa. Kila tendo hilo linalipiwa kwa nishati, na malipo yote mwishowe hugeuka joto linalotoka kwenye ngozi na kupaa. Hakuna mmea unaoweza kulikamata joto hilo tena. Wanafizikia wanaiita kanuni ya pili ya thamodinamiki, ila kiganja kinaielewa mapema kuliko daftari.

Kwa hiyo, mjibu mwanafunzi wako kwamba mamalia hawafikishi hata hiyo 10. Katika nishati iliyokwisha kuingia mwilini mwa mamalia, ni asilimia 1 hadi 3 tu inayogeuka kuwa nyama mpya au ndama. Iliyobaki inakwenda kwenye joto la mwili. Panzi na mchwa, ambao hawapashi miili yao joto, huhifadhi sehemu kubwa zaidi kwa mbali. Ile kumi ni wastani mpana uliokusanywa kutoka viumbe vya kila aina, wengi wao wa majini. Hata Raymond Lindeman, kijana wa Kimarekani ambaye makala yake ya mwaka 1942 ndiyo iliyoanzisha hesabu hizi, hakupata kumi. Kwenye ziwa dogo la Cedar Bog, Minnesota, alipata asilimia 13 hivi kwa wala-mimea na 22 hivi kwa wala-nyama. Alifariki akiwa na miaka 26, kabla makala haijatoka. Naona uchungu kila ninaposikia namba 10 ikikaririwa kama amri, wakati mwanzilishi wake alikuwa anahangaika kupima.

Sasa hiyo nyama chache iliyozaliwa, nani anaila? Hapa kuna jambo ambalo filamu za wanyama zimewaficha wengi. Wengi wa nyumbu wanaokufa Serengeti hawauawi na meno. Uchunguzi wa mizoga ulionyesha kwamba karibu robo tatu ya vifo hutokana na utapiamlo, hasa mwishoni mwa kiangazi majani yanapokwisha virutubisho. Nyumbu anakonda, anabaki nyuma ya wenzake, anaanguka. Na wa kwanza kufika si simba. Ni tumbusi. Inakadiriwa kwamba tumbusi hula nyama nyingi Serengeti kuliko simba, fisi, chui na wala-nyama wengine wa miguu minne wakijumlishwa pamoja.

Ukielewa kwa nini, umeelewa somo lote. Tumbusi hapigi mbawa sana. Anangoja ardhi ipate joto, hewa ya moto ipande, naye anapanda nayo kama mtu aliyeingia kwenye lifti, kisha anateleza makumi ya kilomita bila gharama kubwa. Wale wanaotaga kwenye majabali ya milima ya Gol huweza kwenda zaidi ya kilomita 100 kufuata kundi lilipo, wakarudi kulisha kinda. Anasafiri kwa nishati ya jua ambayo majani yameshindwa kuikamata. Niseme wazi ninachokiona: tumbusi wa Afrika wamepungua vibaya miaka hii, na sababu kubwa ni sumu inayowekwa kwenye mizoga, mara nyingi kwa hasira dhidi ya simba au fisi waliokula mifugo. Mzoga mmoja wenye sumu unaua ndege kwa makumi. Shule yako iko karibu na hifadhi; watoto hao ndio watakaokuwa wachungaji na viongozi wa vijiji. Wafundishe jina la tumbusi kwa heshima.

Simba yeye gharama yake ni kubwa. Mwili mzito, damu moto, windo linaloshindikana mara nyingi kuliko linavyofaulu. Ndiyo maana analala hadi saa 20 kwa siku. Wageni wanasema ni mvivu. Simba anabana matumizi. Mweke kando ya mamba wa Mto Grumeti, ambaye anashiba nyumbu wanapovuka karibu mwezi wa tano na sita, kisha anaweza kukaa miezi bila mlo mkubwa, kwa sababu hapashi mwili wake joto. Kwa nyama ile ile, mto unaweza kutunza kilo nyingi za mamba kuliko nchi kavu inavyotunza kilo za simba.

Halafu kuna jambo jingine, na hapa nishati peke yake haitoshi kueleza. Simba ana eneo lake. Kundi la simba linaishi mahali pamoja, linalilinda, linazaa humo. Nyumbu wanahama. Wanapofika kwenye eneo la kundi, simba wanakula wakashiba kwa wiki kadhaa. Wakiondoka, simba hawawezi kufuata, kwa sababu huko mbele kuna simba wengine na watoto wao hawawezi mwendo huo. Ndipo njaa inaingia, na watoto wa simba ndio wanaotangulia kufa. Zaidi ya nusu hawafiki miaka miwili. Kwa hiyo idadi ya simba haipangwi na mwezi wa shibe, inapangwa na mwezi wa ukata. Fisi madoa wamepata ufumbuzi: wanaacha watoto pangoni, wanasafiri makumi ya kilomita hadi kwenye kundi la nyumbu, wanakula, wanarudi kunyonyesha. Haishangazi kwamba Serengeti fisi ni zaidi ya mara mbili ya simba.

Nyumbu nao wanafunga hesabu kwa njia yao. Majike huzaa karibu wote kwa pamoja, mwezi wa pili zaidi, kwenye uwanda wa Ndutu. Ndama laki kadhaa wanaangushwa ndani ya wiki chache. Wala-nyama wa eneo lile wanakula hadi wanashindwa, na ndama waliobaki wanakuwa wamekwisha kujua kukimbia.

Kama mwanafunzi anataka ushahidi kwamba majani ndiyo yanayoshika usukani, mpe historia ya sotoka. Ugonjwa huu wa ng'ombe uliingia Afrika Mashariki karibu na mwaka 1890, ukaangamiza mifugo ya Wamaasai na kuwaua nyumbu na nyati kwa wingi. Uliendelea kurudi kwa miongo, ukiua ndama wa nyumbu. Kisha ng'ombe wa vijiji vinavyoizunguka Serengeti wakachanjwa, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ugonjwa ukatoweka kwa nyumbu wenyewe. Mwaka 1961 nyumbu walikuwa 260,000 hivi. Mwaka 1977 walikuwa wamefika karibu milioni 1.4. Na baada ya hapo? Wakasimama. Chanjo ilikuwepo, ardhi ilikuwepo, simba hawakuwa wameongezeka kiasi cha kuwazuia. Kilichowasimamisha ni majani ya kiangazi. Ukame wa mwaka 1993 ulipokata majani hayo, walishuka hadi karibu 900,000, kisha wakapanda tena.

Kabla nyumbu hawajaongezeka, nyasi ambazo hazikuliwa zilikuwa zinakwenda wapi? Motoni. Kila kiangazi moto uliteketeza sehemu kubwa ya mbuga. Moto nao ni mlaji: unachukua nishati ya msimu mzima na kuitoa kama joto alasiri moja. Nyumbu walipoongezeka, nyasi zilipungua, moto ukapungua, miche ya migunga ikapata nafasi ya kukua ikawa miti. Watu waliochoma sindano ng'ombe wa wanakijiji hawakujua kwamba wanapanda miti.

Nirudi kwenye "inapotelea wapi", kwa sababu neno "potea" linahitaji uangalifu. Nishati haipotei, inageuka joto lisilotumika tena, na njia yake ni moja: jua, jani, mnyama, mwozeshaji, anga. Hairudi nyuma. Vitu vyenyewe, yaani fosforasi, kalsiamu, naitrojeni, maji, kaboni, vinazunguka. Wanafunzi wengi huandika "nishati inazunguka kwenye mfumo wa ikolojia" na wengine "mbolea huipa mimea nishati". Zote mbili ni makosa, nami nimeyasahihisha mara nyingi kwenye mitihani. Mbolea ni matofali. Jua ndilo fundi anayelipwa upya kila asubuhi. Uwanda wa majani mafupi una nyasi zenye kalsiamu na fosforasi nyingi kwa sababu udongo wake ni majivu ya volkano za Kerimasi na Ol Doinyo Lengai, na jike la nyumbu anayenyonyesha anayafuata madini hayo. Mifupa yake akifa inayarudisha.

Mto Mara unaonyesha tofauti hiyo vizuri kuliko mchoro wowote. Kwa wastani nyumbu 6,250 huzama humo kila mwaka wakati wa kuvuka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulikadiria kwamba ni tani 1,100 za mizoga. Nyama laini inaisha ndani ya wiki kadhaa. Korongo mfuko-shingo wanasimama juu ya matumbo yaliyovimba, mamba wanavuta vipande, samaki wanadonoa chini ya maji, na kwa muda huo sehemu kubwa ya kinachojenga miili ya samaki hao ni nyumbu. Joto lao lote linaondoka na hewa. Lakini mifupa inabaki kwenye matope, inayeyuka polepole kwa miaka 7 hivi, ikiachia fosforasi, na mwani unaota juu yake. Maji hayo yanateremka hadi Ziwa Viktoria. Nishati ya nyumbu aliyezama mwaka huu imeshakwisha. Fosforasi yake bado iko safarini.

Kwa kipindi kijacho, nakupendekezea jambo lisilo na gharama. Tafuta lundo la mavi ya ng'ombe yaliyochanganyika na majani, yenye unyevu, ya wiki moja au mbili, lenye kimo cha magoti au zaidi. Juu litaonekana limepoa, na madundu wachache wakiviringisha vidonge vyao pembeni. Chomeka kipande cha nondo hadi katikati, wape dakika 15 za kuandika walichoona, kisha kichomoe. Ndani ya lundo kama hilo joto huweza kufika nyuzi 60, na hakuna aliyewasha moto: ni bakteria na kuvu wakila sehemu yao ya ile 90 ambayo ng'ombe alishindwa kuitumia. Gusa ncha ya nondo wewe kwanza uone kama inavumilika, halafu mpe yule aliyeuliza.